Kopo Lenye Picha ya Ng'ombe

Mkono wa mama ulitangatanga kati ya mfuko wa maziwa ya unga ya bei nafuu na kopo la ghali lenye picha ya ng'ombe. Nyuma yake, fimbo ya baba mkwe iligonga sakafu bila kutulia.

"Rahisi huwa ghali, mkwe. Wajukuu wangu hawanywi vya kuokoteza."

Akalishika kopo. Pesa ya mboga ndiyo hiyo imekwenda.

Kitinda mimba akamvuta nguo. "Mama, si huwa tunanunua mfuko, halafu tunamimina kwenye kopo la zamani?"

Fimbo ikanyamaza. Mwenye duka akakohoa.

Mzee akauinua mfuko, akasoma bei, akarudia kuisoma.

"Chukua miwili," akanong'ona. "Nami kwangu nina kopo tupu."