Mlio wa Jiwe

"Sishuki mpaka useme samahani!" mke wangu alipaza sauti kutoka juu ya mwamba.

Tulikuwa tumegombana njia nzima, tangu tuache barabara na kukatiza nyasi za nyanda zile za upepo. Sasa alisimama juu ya jiwe la granaiti kubwa kama nyumba, lililokaa juu ya mawe mengine kama chungu juu ya mafiga.

Mimi ni mwashi, na samahani kwangu ni ngumu kuliko mawe ninayochonga. "Basi kaa huko huko," nikanung'unika. Nikatoa nyundo yangu ndogo nikaligonga jiwe, mazoea yangu nikikosa raha. Jiwe zima, lisilo na ufa, hulia kama kengele.

Hili lilisema bu.

Nikagonga tena, polepole. Bu. Nikapapasa chini yake, na mkono ukazama ndani ya ufa mpaka kwenye kiwiko.

"Samahani, mke wangu," nikasema, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Nimekosa. Shuka taratibu, mama."

"Sikusikii!" Akacheka, kicheko cha kwanza tangu asubuhi. "Sema kwa nguvu!"

Akapiga mguu chini.