Gari Lifike Beni

Moshi wa bluu ulijaa karakana. Lusenge, leso puani, alipiga kelele: "Zima! Itakufa!"

Manassé hakuharakisha. Aliinamia injini, akaisikiliza kidogo, ndipo akazima.

"Turbo inakunywa mafuta ya injini," alisema. "Gari iko na miaka makumi tatu, patron. Ukiikaza kwa mulima, haifike hata nusu ya njia."

Ilikuwa coupé nyekundu ya milango miwili. Butembo nzima haikuwa na nyingine kama hiyo, wala fundi mwingine aliyejua turbo. Ndiyo maana Lusenge alikuja hapa, ingawa mwaka mmoja nyuma Manassé ndiye aliyekuwa mchumba wa Nadège. Lusenge alipojitokeza na dhahabu yake na gari lake, mbuzi wa mahari wa Manassé walirudishwa, mmoja akiwa kiwete.

"Kisha wiki mbili ninamuoa Nadège kule Beni," alisema Lusenge. "Nataka kufika kanisani na hii. Na wewe ndiye utatupeleka. Ikikufa njiani, tunakufa wote." Akacheka.

Mafundi wengine hawakucheka. Barabara ya Beni ina mahali ambapo hakuna anayesimama, hata akibanwa na mkojo, kwa hofu ya waasi.

Manassé alifungua injini, akaitazama, akafunga karakana. Alipotea siku tatu. Alirudi kutoka machimbo ya Manguredjipa, kule Lusenge alikotoa dhahabu yake, akiwa na tope mpaka magotini, amebeba turbo aliyoing'oa kwenye jeep ya zamani ya wachimbaji. Akaifunga. Akabadilisha mipira ya mafuta, akasafisha radiata, akapandisha gari mlimani mara kumi, huku akiangalia moshi. Moshi wa bluu ulikwisha.

Mjini walisema anapanga jambo.

Alhamisi Nadège alikuja peke yake.

"Manassé, najua nilikuumiza. Lakini usituangushe njiani. Nakuomba."

"Haitasimama."

"Apa."

"Naapa mbele ya Mungu. Itafika Beni, na itafika kwa saa yake."

Nadège alilia, akamshika mkono uliojaa grisi. "Lusenge anasema utatuua. Mimi nilimwambia hapana, wewe ni mutu muzuri."

Jumamosi waliondoka asubuhi, maharusi nyuma, Manassé kwenye usukani. Lusenge hakutoa macho kwenye mshale wa joto. Mlima wa kwanza, mshale ulibaki katikati. Wa pili, vilevile. Walipofika pale pabaya, karibu na lori lililoungua, Nadège alifumba macho. Manassé alikanyaga mafuta. Turbo ikapiga filimbi, gari likaruka mbele kama jipya.

Lusenge alipumua, akamgonga begani. "Mufundi, nilikuzania mubaya bure."

"Ni kazi yangu, patron."

Saa nne kasoro dakika kumi waliingia kwenye uwanja wa kanisa, Beni. Wamama walipiga vigelegele na kutandika vitenge chini. Kabla ya kushuka, Nadège aliinama mbele, akamnong'oneza Manassé: "Mungu akulipe."

Manassé aliiacha injini ikiunguruma polepole ipoe, akashuka, akakata katikati ya watu hadi ukutani. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pale na mabinti wake wawili waliovaa gauni za sare. Mkononi alishika karatasi ya ndoa ya kanisa ndani ya plastiki, imekunjwa mara nne.

"Tumechelewa?" aliuliza.

"Hapana, Bibi Lusenge," alisema Manassé. "Bwana yako nimekuletea. Ni yule anashuka."