Soketi ya Tatu

Siku hizi kila chombo cha sauti kina sikio la serikali. Amplifaya yangu ya gitaa haina, maana ni ya zamani, ya valvu, zile taa za kioo. Kwa hiyo chumba chake ndicho pekee mimi na mke wangu tunamotukania wakubwa.

Leo ilikwaruza mpaka ikanikera. Nikagonga valvu moja moja kwa penseli. Ya tatu ikapiga kelele.

"Uchafu tu huo," alisema Mwanakombo, mke wangu, akiwa mlangoni. "Iache."

"Siiachi."

"Nimesema iache, Shekuwe!"

Nikazima, nikasubiri zipoe, nikazichomoa. Soketi zinamochomekwa zote zilikuwa nyeusi kwa kutu, isipokuwa ya tatu. Hiyo iling'aa, na ndani yake palikaa sikio, dogo kama punje ya mtama.

Watu wa serikali hupachika masikio yao juu ya uchafu, hawana habari. Aliyepachika hili alisugua kwanza kila tundu kwa spiriti na mswaki, kama nilivyomfundisha mtu mmoja tu maishani.

"Umeona nini?" akauliza.

Nikairudisha valvu, nikawasha, nikaiinamia soketi.

"Uchafu tu. Hebu nikumbushe, mke wangu: Mkuu wa Nchi huwa unamwitaje vile?"