Andalio la Bi Nukta

Bi Nukta alikuwa na miezi miwili kaburini alipoanza tena kuandika andalio la somo la darasa la tano.

Aliyemwona ni mumewe. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shule haijaingia mtoto hata mmoja. Alikuwa peke yake katika ofisi ya walimu, miwani puani, akibonyeza kompyuta kwa kidole kimoja kama mtu anayejaribu pasi kuona imepata moto. Alikuwa ameandika swali moja tu la hesabu za sehemu. Chini yake kikatokea kijimstari cha zambarau chenye jina la mkewe. Kikapepesa kidogo, kisha kikaanza kuandika.

"Chukua mkate mmoja, watoto wanne. Haya, tuone."

Mzee aliinuka kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. Hiyo "haya, tuone" alikuwa ameisikia miaka thelathini kupitia ukuta wa darasa la jirani.

Wanafunzi walimwita Mzee Chaki, na jina hilo hakulipata kwa bahati mbaya. Mambo ya kompyuta alimwachia mkewe, kama alivyomwachia kujibu barua na kubembeleza mtoto. Mkewe naye walimwita Bi Nukta, maana hakupitisha hesabu iliyokosa nukta yake. Sasa mwenyewe hayupo, na darasa lake alipewa mumewe pamoja na masharti: Ijumaa mkaguzi anakuja, na somo lazima lionekane ukutani kwa projekta. Uzee si kisingizio, mwalimu mkuu alisema.

"Mzee, hii si akaunti yako," mwalimu wa kompyuta, msichana aliyeajiriwa juzi tu, alimwambia siku ya kwanza. "Umeingia kwa jina la marehemu. Tukufungulie yako."

"Masomo yake yote yamo humu, mwanangu. Niache humu humu."

"Haya. Ila ujue, kila utakachoandika kitaonekana kimeandikwa na yeye."

"Afadhali. Labda watakisoma."

Msichana alicheka, akamwacha.

Kwa hiyo asubuhi ile ya kijimstari hakumwambia mtu. Angeambiwa amekuwa mtoto tena. Aliokota kiti, akakaa, akatazama mpaka yale maandishi yakakoma.

Kesho yake aliwahi zaidi. Kijimstari kikaja saa ile ile, saa ambayo marehemu alikuwa akisimama jikoni akiandika masomo kwenye simu, mkono wa pili ukikoroga chai. Mzee akaandika swali, kikaleta mfano. Akaandika mfano, kikaleta zoezi. Hawakusalimiana. Aliogopa, lakini hakuifunga kompyuta. Siku ya tatu alikuja amevaa shati lililopigwa pasi.

Kilichomnyima raha si woga. Ilikuwa siku ya mazishi.

Binti yao wa pekee, aliyeurithi ualimu kwa mama yake, alikuwa akifundisha mbali, safari ya siku mbili. Mvua ilikata barabara. Alifika kaburi limeshafukiwa, viatu mkononi, tope hadi magotini. Mzee akamwambia mbele ya watu wote, "Rudi ulikotoka. Aliyekuwa akikusubiri amechoka kusubiri."

Binti aliingia chumbani kwa mama yake, akachukua simu ya marehemu tu, nguo hata moja hakugusa, akaondoka na tope lake. Tangu siku hiyo baba hakupiga simu, na binti hakupiga. Maji yakimwagika hayazoleki, mzee alijiambia kila alipoamka. Methali ile haikumsaidia hata siku moja.

Bi Nukta alikuwa mtu wa kusamehe. Alisamehe waliomkopa vitabu wasirudishe, alimsamehe hata mwalimu mkuu. Kitu kimoja tu hakusamehe: mtu amlize mtoto wake. Na mzee aliamini kwamba hicho ndicho kilichomrudisha. Alitaka kumuuliza. Kila asubuhi kidole kilifika juu ya herufi, kikarudi kuandika sehemu.

Kufikia Alhamisi somo lilikuwa limekamilika. Mfano, maswali kumi, zoezi la nyumbani, vyote vilikuwa mahali pake. Mwalimu wa kompyuta alikuwa amelipitia jana yake jioni, akasema, "Mzee, umetutoa kimasomaso." Lakini yeye aliliangalia akasikia baridi. Likishaisha somo, mtu arudi kufanya nini?

Saa kumi na mbili na nusu kijimstari kikaja. Kikakaa mwisho wa ukurasa kikipepesa, hakikuandika neno. Nje mlinzi alikuwa akifungua lango, na watoto wa kwanza walisikika wakigombania mpira. Zilikuwa zimebaki dakika chache walimu wenzake waingie.

Mzee Chaki akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kisha akaandika, herufi moja moja.

"Umenisamehe?"

Kijimstari kikaacha kupepesa. Kikaandika neno, kikalifuta. Kikaandika jingine, nalo kikalifuta. Mzee alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Halafu maneno yakaja yote kwa pamoja, haraka, bila nukta hata moja.

"Nikusamehe nini Mama mimi ndiye niliyechelewa kukuzika"

Na chini yake, baada ya kitambo:

"Baba bado amenikasirikia"