Kufuli la Tatu

Skrini ilikuwa nyeusi tii. Mama alisimama kando yake akijifuta mikono kwa taulo la jikoni.

"Imekufa tena," alisema.

Kufuli aliweka begi chini, akashusha pumzi. Hilo ndilo jina walilombandika kazini, kwa kuwa alikuwa akitengeneza programu ya kuwakinga watu na mikono yao wenyewe: wale wanaozima kompyuta sasisho likiwa katikati, wale wanaofuta mafaili wasiyoyajua, kisha wanashika vichwa.

"Mama, umebonyeza nini?"

"Mimi? Iliniuliza swali, nikasema ndiyo."

"Swali gani?"

"Ah, mwanangu! Maswali yake mengi kuliko ya wakwe."

Tangu wamzike baba, kompyuta ile ilikuwa haimalizi mwezi. Kila mara Kufuli alivuka mji mzima, akaketi kwenye meza ya marehemu, akatengeneza huku amempa mama mgongo. Chai aliinywa wima, mguu mmoja mlangoni.

"Kaa basi ule."

"Nina kazi, mama."

Lakini safari hii alikuja na dawa. Programu yake ilikuwa imekamilika, na karibuni ingeingia kwenye maofisi, shule na hospitali. Mkuu wake alikuwa amemuuliza, "Una hakika nayo?" Naye akajibu mbele ya wote, "Nitamwekea mama yangu. Akishindwa yeye kuiharibu, hakuna binadamu atakayeweza." Ofisi nzima ikaangua kicheko.

Alipokuwa akiiweka, mama alivuta kigoda akakaa karibu.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Makufuli, mama. La kwanza, ukishaanza kusasisha, kitufe cha kuzima hakikusikii. La pili, ukitaka kufuta kitu ambacho ndicho uhai wa kompyuta, linakukatalia, hata useme ndiyo mpaka ukaukwe na koo."

"Na mtu aking'oa waya ukutani?"

Kufuli alimtazama. Kumbe ndivyo alivyokuwa akifanya! "Hapo ndipo la tatu linapoingia. Kuna nakala ya akiba nimeificha. Umeme ukirudi, kompyuta inarudi ilivyokuwa."

"Umeificha wapi?"

"Mama, hata nikikueleza hutaelewa."

"Haya," alisema mama.

Siku zilizofuata simu haikulia. Kufuli akatamba ofisini kama jogoo. Yeye naye hakupiga. Ya nini kumpigia mtu ambaye mambo yake yanakwenda?

Kisha, siku moja kabla ya programu kutolewa, mama akapiga.

"Imekufa tena, baba."

"Haiwezekani!"

"Basi njoo uone."

Njiani alipigia honi hata watu waliosimama kando ya barabara. Alipofika, hakusalimu. Alivua koti akaivaa kazi. Kufuli la kwanza limefunguka. La pili limefunguka. Akaitafuta nakala ya akiba kule alikoificha, mahali ambapo hata wenzake wa ofisini hawakupajua. Haikuwapo. Hata harufu yake haikuwapo.

Alipiga meza kwa ngumi, vikombe vikaruka. Akampigia mkuu wake.

"Tusiitoe kesho. Mama ameivunja."

"Mama yako? Yule wa ndiyo-ndiyo?"

"Huyo huyo."

Mkuu akashusha sauti. "Ameivunja bila kukusudia?"

"Bila kukusudia! Sasa fikiria anayekusudia!"

Alikata simu, akainamisha kichwa juu ya meza. Kazi ya mwaka mzima, usingizi aliojinyima, harusi ya rafiki aliyoikosa, vyote vimekwenda na maji kwa sababu ya mtu asiyejua anachobonyeza. Alitamani kupiga kelele. Hakujua ampigie nani.

Mama aliweka sahani mbili mezani.

"Utaondoka sasa hivi?" aliuliza.

"Niende wapi, mama? Siondoki mpaka nijue tundu liko wapi. Hata ikinichukua wiki, nitalala hapa hapa."

"Wiki?"

"Hata mbili."

Mama alivaa miwani yake, akavuta kiti, akaisogeza kibodi upande wake.

"Kula kwanza, chakula kisipoe," alisema, vidole vyake vikianza kukimbia juu ya vitufe bila kuviangalia. "Yale mawili hayakunisumbua. Lakini lile la tatu, mwanangu, limenila asubuhi nzima."