Mteja Niliyemletea Wifi

Wifi yangu alijiita daktari wa ngozi. Daktari! Dawa yenyewe anayowapaka wateja usoni ni asidi ya glaikoliki aliyoichota kwenye pipa la kiwandani, ile ile ambayo kaka yake, mume wangu, huondolea kutu kwenye mabomba akiwa amevaa glavu hadi viwikoni.

Nilipomkanya alinibinulia midomo. "Hii inatoka kwenye miwa, wifi. Acha ushamba."

Leo nikampeleka mama yake saluni kwake, wateja wamejaa. Mama mkwe akaketi, akainua shavu.

"Haya mwanangu, nipake na mimi."

Daktari wetu akachovya brashi. Tone likadondoka, sakafu ya saruji ikatoa povu.

"Si wewe, mama!" wifi akaropoka.

Mteja wa kiti cha pili, aliyekwisha kupakwa, akaligusa shavu lake.