Kikohozi Nyuma ya Ukuta

Ukuta ulikohoa tena.

Bibi aliacha kumenya viazi, akageuka. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha mtu mzima, na kilitoka kule mwisho wa korido nyuma ya mlango pekee ambao haukuwa umefunguliwa tangu walipofika.

"Umesikia?" alimwuliza mkwewe.

"Nini, mama?" Mkwe hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Nyumba za kukodi zina kelele zake."

Kelele zake! Bibi alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini. Alijua sauti ya panya, alijua sauti ya bomba, na hata kikohozi cha mwanafunzi anayejifanya mgonjwa alikijua. Hiki kilikuwa cha mtu kweli, na mtu mwenyewe haonekani.

Ilikuwa siku ya tatu ya likizo. Mwanawe wa pekee ndiye aliyekuja na wazo hilo, ghafla tu: siku nne milimani, hewa safi, familia nzima pamoja. Bibi alilia kwa furaha. Tangu siku ile aliposahau jiko likiwaka, mle nyumbani walikuwa wakimsemesha kwa mkato. Sasa yameisha, alijisemea, wanangu wamenisamehe. Mwanawe mwenyewe alimfungia sanduku, akashindilia sweta zote mpaka zipu ikagoma. "Milimani kuna baridi, mama."

Lakini nyumba hii, we acha tu! Milango mipana kama ya ghala, na hakuna kizingiti hata kimoja. Chooni kuna vyuma vimepigiliwa ukutani, sijui vya kumfungia nani. Na kila adhuhuri inapita harufu ya sufuria kubwa iliyoshika chini, harufu ambayo mpishi wa watu wengi haipotezi hata akilala, wakati jiko lao wenyewe limepoa na wao wamekula mkate. Nani anapika? Na anawapikia akina nani?

Mjukuu wake aliingia jikoni mbio, akamshika gauni. Alikuwa binti wa miaka sita, na Bibi ndiye aliyemlea tangu ananyonya.

"Bibi, kuna mtu ananichungulia dirishani. Hana meno."

"Amesema nini?"

"Ameniita jina la mtoto mwingine. Halafu akalia."

Bibi aliweka kisu chini, akatoka uani, akamkuta mwanawe anapakia begi garini.

"Baba, tuondoke. Nyumba hii ina watu ndani. Mimi nimeshazeeka, wakitaka wanichukue, lakini huyu mtoto hapana."

Mwanawe alibaki na begi mkononi. Hakumtazama. "Kesho, mama. Kesho tunaondoka."

Naye anaogopa, maskini, Bibi aliwaza, anajikaza kisabuni tu mbele ya mkewe.

Saa nane mchana walikuwa wote mezani, Bibi akipakua viazi, kitasa cha ule mlango kilipozunguka.

Waliona wote wanne. Mlango ulisogea polepole, ukatoka mkono. Mkono mkavu, mishipa imetuna, unapapasa hewani kama unatafuta mtu wa kumshika. Mjukuu alipiga ukelele, kiti chake kikaanguka.

Mwingine angezimia. Bibi alikimbia na mwiko wake mkononi, akausukuma mlango kwa mgongo mpaka ule mkono ukarudi ndani. Alikaza visigino sakafuni, hakuachia.

"Mchukueni mtoto!" alipiga kelele. "Ingieni garini! Mimi nauzuia hapa!"

Mkwe alimbeba mtoto, huyoo. Mwanawe hakuondoka. Alisimama katikati ya korido akilia, analia kabisa, machozi na makamasi.

"Mama," alisema. "Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini, we mpumbavu? Ungejuaje kama nyumba iko hivi? Kimbia!"

Akakimbia.

Bibi alisikia milango ya gari ikifungwa. Alisikia injini, na juu ya injini sauti ya mjukuu wake: "Bibi bado! Baba, Bibi hajaingia!" Kutoka pale alipoegemea aliliona gari kupitia dirisha la sebuleni. Lilipita lango, likakata kona.

Watasimama mbele kidogo, alijiambia. Wamtulize mtoto kwanza. Kisha mwanangu atarudi kunichukua.

Alingoja mpaka vumbi lote likatua barabarani.

Mwanawe huyu ndiye aliyemnyima usingizi kwa surua, aliyesomeshwa kwa mikono iliyoungua na masufuria ya watu. "Amenikimbia," alisema kwa sauti, na sauti yenyewe ilimshangaza. "Mtoto niliyemzaa peke yake amenikimbia. Ameniacha na mashetani."

Aliteleza taratibu mpaka akakaa sakafuni, na mlango ukafunguka nyuma yake bila kusukumwa sana.

Alitoka mwanamke wa rika lake, anaburuta ndala, anakohoa; nyuma yake wazee wengine walikaa kwenye vitanda vilivyopangwa mstari. Alimtazama Bibi, akautazama mwiko, akatazama barabara tupu kule nje. Kisha akashika ukuta, akajishusha kidogo kidogo hadi akakaa chini kando yake.

"Wewe walikwambia likizo, ee?" aliuliza. "Mimi waliniambia tunakwenda harusini. Hata gauni jipya walinishonea."